Jumamosi Bila Cherehani

Nimeifunika cherehani kwa kanga
kama kuku unayetaka alale mchana.
Sare ishirini na tatu za Januari zinaningoja,
marinda ya kijani, kola nyeupe,
na Mama Gileadi wa Sakina ameshapiga simu mara mbili.
Zingoje. Simu nimeizima.
Leo tunakwenda mjini,
si kununua zipu, si kulipia maji.
Tunakwenda kutazama.

"Kutazama nini?" anauliza mama mkwe,
Bibi Ndetaulwa, na huku keshavaa
kitenge cha kipaimara cha Kundaeli
na sweta juu yake, Desemba hii yote,
maana Mlima Meru, anasema, hauaminiki.

Tunateremka kwa miguu toka Sanawari.
Mikrismasi imewaka.
Aikande anaokota maua mekundu, anayapachika
kwenye nywele, kwenye mkoba wangu,
kwenye kola ya kaka yake
aliyetimiza miaka kumi na minne
na anatembea hatua saba mbele
asije akajulikana ni wetu.

Mnara wa Saa anasimama, anasahau kutotujua:
"Mwalimu alisema hapa ndipo katikati ya Afrika.
Kairo huku, Kepu kule."
Bibi anageuka pande zote, taratibu.
"Na Poli ni upande upi?"

Mlangoni, karibu na Boma la Wajerumani,
kiingilio elfu mbili, watoto bure.
"Niandike mtoto," Bibi anamwambia kijana wa tiketi,
"meno tunalingana na huyu."
Aikande anafungua kinywa, kutoa ushahidi.
Tumeingia kwa elfu nne badala ya sita.

Ndani kumetulia kama kanisani siku ya Jumanne.
Bibi anapita mikono nyuma
kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani,
anasimama mbele ya mwanamke wa sokoni,
mkungu wa ndizi kichwani, shingo ndefu, nyembamba, nzuri.
"Huyu hajabeba kitu," anasema kwa sauti.
"Mkungu ule, shingo ingekuwa imezama mabegani.
Mimi nimebeba. Tazama."
Anaonyesha. Watu wanageuka.
Kijana mwenye rangi kwenye viatu
anasogea, haongei,
anachora shingo ya Bibi nyuma ya bahasha.

Mimi nilikuwa nimekwama pengine.
Picha ndogo, pembeni, karibu na swichi:
msichana amekaa, gauni limemwagika sakafuni,
na kila rinda lina kivuli chake,
na upindo umekunjwa kwa brashi
nyembamba kuliko sindano yangu namba tisa.
Mtu ameshona gauni ambalo halitavaliwa,
na hakuna aliyemuuliza
litakuwa tayari lini.

Sijui nilisimama muda gani.
Kundaeli alikuja, akasoma bei,
akaninong'oneza: "Mama, kodi ya miezi mitatu."
Kisha hakuondoka.
Bega lake lilikuwa limefika kwenye langu.
Lilifika lini?

Uani kulikuwa na ngoma, watoto wa Ngarenaro
wakipanda mabega ya wenzao, ghorofa tatu za watu,
na wa juu kabisa akiguguna hindi.
Tukanunua ya kwetu, ndimu na pilipili,
Aikande akalia pilipili, akaomba tena.
Manyunyu yakaanza saa tisa.
Bibi hakusema neno.
Alivua sweta, akamvisha mjukuu,
akanitazama mimi
mpaka nikakubali.

Usiku nimeifunua cherehani.
Kola ya kwanza, ya pili.
Ua moja limeanguka toka mkobani,
nimelisogeza na mkasi, sikulitupa.
Chumba cha pili nasikia Bibi
akigeuka kitandani, akigeuka tena.

"Wewe, mama Kunda."
"Naam."
"Jumamosi ijayo turudi.
Nataka kuona kama amerekebisha ile shingo."